Ubongo wa Bluu

Mie nilishangilia mapema, na mpaka leo naona aibu.

Kwenye maabara yetu huku Tegeta tunapima kama dawa inaweza kulegeza ule ukuta unaozuia vitu vilivyomo kwenye damu visiingie kwenye ubongo, ili dawa za magonjwa kama kifafa zipate kupenya. Panya anapewa dawa, kisha anachomwa sindano ya rangi. Ukuta ukilegea, ubongo unageuka bluu. Ubongo wa panya wangu ulitoka bluu kama wino! Nikampigia dada yangu, ambaye mwanawe Elia ana kifafa.

"Dada, dawa ya Elia imepatikana."

Akalia. Kesho yake akaja na sinia la pilau kutushukuru.

Bosi wetu, Dokta Zuhura, akaniuliza, "Na yule panya aliyepewa rangi bila dawa?"

Nikampasua palepale, dada akichungulia mlangoni. Ubongo wake nao ulikuwa bluu.

"Damu uliiosha itoke kwenye mishipa kabla ya kutoa ubongo?" Dokta akauliza.

Sikuiosha. Rangi yote ile ilikuwa imebaki kwenye mishipa tu, haikupenya popote.

"Wote wawili bluu!" dada akasema kwa furaha. "Si ndiyo vizuri zaidi?"