Mistari Mitatu ya Auntie Nafula

Harufu ya pasi ya moto juu ya kitambaa cheupe hunirudisha jikoni kwetu mtaa wa Najma, Doha, miaka ile mji ulipokuwa ukichimbwachimbwa kwa ajili ya Kombe la Dunia, nami nikiwa darasa la saba. Mama alikuwa muuguzi, na Ijumaa nyingi alikuwa kazini. Binamu yake, Auntie Nafula, aliyefanya kazi ya nyumbani kwa familia moja kule Al Rayyan, alikuwa akija kwetu siku hiyo, siku yake pekee ya mapumziko, na ilikuwa lazima arudi kabla ya Magharibi. Ijumaa moja, badala ya kupumzika, jamani, alininyooshea gauni. Shuleni nilikuwa nimepewa mada ya wanawake wa Amerika waliodai haki ya kupiga kura, nami ningezungumza nikiwa nimevaa nyeupe kama walivyovaa wao kwenye maandamano.

Nilimsomea kwa mbwembwe: jinsi walivyopita nyumba kwa nyumba wakikusanya sahihi, wakafungwa jela, wakagoma kula, jinsi wanawake weusi walivyoambiwa waandamane nyuma. "Hata huko?" Auntie akaguna, akaweka pasi chini. Kisha akatoa karatasi na kalamu mkobani. Mama yake alikuwa mgonjwa sana Bungoma, naye alitaka kumwomba madamu, mwajiri wake, ruhusa ya kwenda kumwona. Kiingereza cha kuongea alikuwa nacho. Cha kuandika, hapana. "Nikisema kwa mdomo nitalia tu, sitamaliza. Niandikie, msomi wetu. Mistari mitatu inatosha."

"Ngoja kidogo, auntie, nimalize bango langu," nikasema. Nilikuwa napaka herufi rangi, na nilizipenda mno herufi zangu. Alingoja. Alipika chapati, akaosha vyombo, akaangalia saa, akaondoka na karatasi yake tupu. Ijumaa iliyofuata nilikuwa na mazoezi. Nilimwambia, "Baadaye," tena kwa sauti ya mtu anayesumbuliwa. Ijumaa ya tatu hakuja. Mama yake alikuwa amefariki, na walishamzika.

Alipokuja tena, alimsimulia Mama kwamba madamu alimkuta akilia, akamwuliza kwa nini hakusema mapema, angemkatia tiketi siku hiyohiyo. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Aliponiona aliniuliza, "Ulifanya vizuri shuleni?" Nikasema nilikuwa wa kwanza. "Hongera, mwanangu. Najua uliwasemea vizuri wale akina mama." Hakuwa ananisimanga. Afadhali angenisimanga.

Siku hizi niko Nairobi, na kazi yangu ni kuwaandikia wanawake maombi na malalamiko yao. Watu huniita mtetezi, nami huona aibu kila wanaponipigia makofi. Mwezi uliopita Auntie, aliyekwisha kurudi nyumbani kabisa, alinipigia simu akitaka barua kwa chifu kuhusu shamba aliloachiwa na mama yake. "Ukipata nafasi tu, mwanangu," akasema. Nilianza kuandika kabla hajakata simu. Barua nzima ilinichukua dakika tano.