Kola Aliyoikata Mama

Siku za mwizi ni arobaini, na za mchungaji wa kanisa la mtaani zilitimia Jumanne: ilijulikana kwamba ana nyumba ndogo, na humo mna mtoto wa miaka minne. Kufika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unacheka. Kila mteja aliyeingia kwa Fundi, mama mjane aliyeshona sare za kwaya miaka kumi na miwili, alikuja na sketi ya kupunguzwa na umbea mdomoni.

"Fundi, kumbe mchungaji wenu alikuwa anahubiri zinaa kwa uzoefu!"

Fundi alijitia hamnazo, akakanyaga cherehani. Hakuwa akimwonea haya mchungaji. Mwenye nyumba mbili atajua mwenyewe pa kulala. Alijionea haya yeye. Kanisani kwao mwanakwaya akipata mimba nje ya ndoa hukatwa kola ya sare mbele ya waumini. Miaka mitatu nyuma zamu ilimfikia binti yake wa pekee. Mchungaji, ambaye mtoto wake wa siri wakati huo alikuwa tayari anatambaa, alimwita mzee wa kanisa aje kukata. Fundi akamtangulia, eti aliyeishona ni yeye, akatoa mkasi wake na kuikata taratibu, kwa ustadi, asiharibu kitambaa. Watu wakamsifu kwa imani. Binti hakurudi nyumbani tena. Lo, mtu mzima na akili zake!

Alhamisi alifunga duka akaenda saluni kwa binti yake. Alimkuta anasuka, wateja wengine wawili wakisubiri, mmoja kichwa ndani ya kikaushio, na mazungumzo ni mchungaji yule yule. Mjukuu ambaye Fundi hajawahi kumpakata alikuwa sakafuni, anachezea vibanio.

"Shikamoo, mama," binti alisema, vidole havikusimama.

"Marahaba, mwanangu. Naomba tuongee. Twende huko nyuma kidogo."

"Siku ile hukuniita nyuma, mama."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Aligeukia wateja, na wawili kati yao aliwahi kuwashonea.

"Mimi ndiye niliyemkata kola mwanangu," alisema. "Mchungaji hakunituma. Niliogopa mtanicheka, nikaona bora mumcheke yeye."

Binti alifunga msuko, akauachia.

"Sema kwa sauti, mama. Huyo wa kwenye kikaushio hajasikia."

Fundi akarudia, kwa sauti.