Kisigino cha Kushoto

Tangu afiwe na mdogo wake, miaka mitatu sasa, fundi viatu hakuwa ametoa hata chozi moja. Watu walisema amejikaza kiume. Uongo mtupu. Hakujikaza lolote, alikufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Mdogo wake huyo, msichana, walimwita Kiberenge. Alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu, na mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo tangu kuzaliwa. Kila jozi ya viatu vyake ilipitia kwa kaka yake, naye alibandika chini ya kisigino cha kushoto kipande cha ngozi ngumu, unene wa sarafu mbili. Kilipotua kwenye lami kililia ko, ko, ko. Kila asubuhi binti akipita mbele ya kibanda, kaka mtu alimtania bila kuinua kichwa: "Inua magoti, mvivu wewe!" Halafu homa ya siku nne ikamchukua akiwa na miaka ishirini na mitatu.

Baada ya maziko, watu wa mtaa ambao hata mvua haikuwahi kuwakimbiza walianza kukimbia kwa ajili yake. Mwokaji mikate, muuguzi, mwalimu wa hesabu na kitambi chake. Jumla kumi na mmoja. Wote walipeleka viatu kwa fundi, maana mkono uliomvisha Kiberenge, walisema, una baraka. Asubuhi walipita kibandani, na fundi akaendelea kushona akisikia ko, ko, ko. Sauti hiyo ilimtosha. Hakuwahi kujiuliza inatoka wapi.

Alhamisi, siku tatu kabla ya mbio za kumkumbuka marehemu, mwalimu alifika akichechemea.

"Fundi, nyonga inaniua. Ya kushoto. Tangu uanze kuniwekea soli."

Fundi akapitisha kisu, akabandua soli. Kipande cha ngozi kikamtazama, unene wa sarafu mbili. Hakukumbuka kukiweka. Mkono ulikuwa umejifanyia kazi yake ya zamani.

"Na wenzako je?"

"Wote tunachechemea, kaka. Muuguzi ndiye anatukanda, na yeye mwenyewe hoi."

"Miaka mitatu mnaumia, mmenyamaza?"

Mwalimu akaona haya. "Tulidhani ndiyo siri ya marehemu. Tukasema, kama yeye alivumilia, sisi ni nani hata tulalamike?"

Kuuliza si ujinga, lakini watu wazima kumi na mmoja, mmoja wao akifundisha watoto wa watu, hawakuuliza.

Fundi alibaki na kile kipande mkononi. Akielewa sasa sauti ilikotoka, alielewa pia kwamba akivitoa vipande vyote, sauti haitarudi tena. Aliogopa. Kopo la gundi lilikuwa wazi, na kukirudisha kungekuwa kazi ya dakika mbili. Mwalimu alikuwa kwenye benchi, anajikanda nyonga, hana habari.

"Waambie walete viatu vyote kesho," fundi akasema.

Siku mbili alibandua na kubandika upya. Vipande alivitupia kwenye kopo la maziwa. Kufika jozi ya tano, mkono ukachukua tena ngozi ngumu na kuanza kuipima. Akaupiga kofi kwa mkono wa pili.

"We mkono, ameshakufa," akasema kwa sauti. Hakuwa amewahi kulitamka.

Jumapili hakwenda uwanjani. Alikaa kibandani, mikono mitupu mapajani, akasubiri mbio zipite pale. Miguu ikasikika kutoka kwenye kona. Hapakuwa na ko, ko. Zilikuwa hatua laini, za sawasawa, za watu kumi na mmoja wazima, na Kiberenge hakuwamo. Uchungu ukamjia, ule aliokuwa na deni nao tangu siku ya maziko.

Akainua kichwa. Hakuwa amewahi kuwaona wakikimbia. Mwokaji alilowa jasho, muuguzi alicheka peke yake, kitambi cha mwalimu kilimtangulia mwenyewe.

"Inueni magoti!" akapaza sauti, nayo ikakatika. "Inueni magoti, wavivu nyie!"

Wakayainua, wote. Fundi akawatazama huku machozi yakimtiririka, na hakuyafuta mpaka wa mwisho alipopinda kona.