Karoti za Marcella Hazioshwi Tena Mferejini

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Marcella Gitari anazunguka nyuma ya lango la kijiji, mzigo wa karoti mgongoni, miguu haitulii. Kafyu haijaisha. Askari wa lango anamwambia atulie, hakuna anayemfukuza. Hamsikii.

Mfereji uko hatua ishirini tu kutoka hapo. Wenzake watasuuza mboga humo na kuwahi soko la Embu. Yeye atapanda hadi chemchemi, mwendo wa nusu saa, na akifika sokoni wanunuzi wakubwa watakuwa wameshajaza makapu. Mauzo yake yamepungua kwa nusu. Wenzake wanamcheka, eti anaziogesha karoti kama watoto wachanga.

Zamani karoti zake ndizo zilizong'aa kuliko zote, naye alijivunia. Mwaka jana, 1954, serikali ilipowahamisha watu kwa sababu ya vita vya Mau Mau na kuwasongamanisha hapa, katika kijiji kilichozungushiwa handaki, vyoo vilichimbwa kwa pupa, kwenye mteremko ulio juu ya mfereji. Mvua za Aprili mwaka huu zikaja. Homa ya matumbo ikafuata.

Mwezi Juni bwana afya alifika, akawaonyesha kwa fimbo njia ya maji kutoka vyooni. Akaeleza kwamba vijidudu havionekani, na karoti mbichi huvibeba mpaka mdomoni. Wengi waliitikia kwa adabu, wakarudi mferejini. Marcella hakurudi tena huko.

Alikuwa amemkumbuka Karimi, binti wa jirani yake Wambura, mtoto wa miaka mitano.

"Mimi ndio nilimpa ile karoti," anasema, macho yake yakiwa langoni. "Nilikuwa nimeiosha kwa mfereji, nikaipanguza na leso ndio apate safi. Wiki mbili baadaye, akashikwa na homa. Tukamzika."

Huenda ilikuwa karoti, huenda maji ya kunywa. Bwana afya mwenyewe alimwambia hakuna ajuaye. Hilo halijampa usingizi. Wambura hajui lolote, na kila asubuhi humsaidia kupandisha mzigo mgongoni.

Marcella anataka wauza mboga wafunguliwe lango nusu saa mapema, wote waende chemchemini. Mzee Njuki, mkuu wa kijiji, amemuuliza sababu mara mbili. Mara zote mbili amenyamaza, maana sababu ni Karimi.

Alipoulizwa kama jina lake lifichwe, alikataa. Gazeti hili hufika Embu Jumamosi.

"Andika jina langu, na la mtoto pia," anasema. "Lakini Wambura hatasomewa habari hii na mtu. Leo jioni nitaenda kwake kumwambia mimi mwenyewe."