Miaka Ambayo Sabiha Hakuitika

Sabiha yuko Unguja sasa. Kaka yake, Ameir, husema ni mzima, anakula vizuri, na anaishi katika nyumba ya marehemu mama yao. Naandika haya kwa sababu wenzetu wa huku Maryland bado wanaulizana kwa nini mtu mwenye kazi na karatasi zake zote aliondoka ghafla. Wengine wamesema alichanganyikiwa. Mimi sikusoma sana, lakini nilikuwapo, na macho ninayo.

Tulifanya kazi pamoja Silver Spring, katika nyumba ya kutunza wazee, zamu ya asubuhi. Kwa miaka mingi nilimjua kama mwanamke mrefu wa Kizanzibari, mwenye mtandio wa rangi ya kahawa, anayejua kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumuumiza. Na asiyeimba. Sisi wengine tulikuwa tunaimba, maana wazee waliopotewa na akili hutulia wakiimbiwa. Wakenya walikuwa na tenzi zao, Wakongo nyimbo zao za kwaya, mimi nyimbo za Bikira Maria za kwetu Bukoba. Sabiha aliwasugua migongo kimya kimya.

Alikuwa na jambo jingine. Ukimwita jina kutoka nyuma, alishtuka, akajiziba mdomo kwa kiganja, akageuka polepole. Akishakuona, ndipo alipoitika.

"Dada, unaogopa nini?" nilimuuliza siku moja.

"Naangalia kwanza kama anayeniita ana miguu," akasema, na tukacheka.

Aliyemgundua ni binti yangu Edna. Nilikuwa nimempeleka Sabiha kwake Riverdale Park kwa gari langu, Edna amekaa kiti cha nyuma, masikio yameziba kwa muziki kama kawaida yake. Sabiha aliposhuka, Edna akanisogezea simu. Palikuwa na picha ya zamani: vijana wamekaa kwenye ngazi za nyumba ya matofali, mvua inanyesha, na katikati yao msichana mwembamba mwenye macho makubwa. Edna anaelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Akaniambia kwa Kiingereza hicho kwamba huyo ndiye mwimbaji wa Ashmeadow, bendi ya Uingereza, ya mji wa Bristol, na kwamba muziki wao unaitwa trip hop.

Akanisikilizisha wimbo wao unaojulikana kuliko yote. Ngoma ilikwenda taratibu, kama mtu mzito anayepanda ngazi na kupumzika kila hatua. Chini yake kulikuwa na mkwaruzo wa santuri kuukuu. Kisha ikaja sauti ya mwanamke mtu mzima, ya mbali, imevutwa mpaka ikawa nene: "Sabihaa. Sabihaa, njoo mwanangu." Ikarudia. Ikarudia tena, bila kupumua, mpaka mwisho wa wimbo. Vinyweleo vilinisimama. Watu wa dunia nzima walikuwa wanacheza sauti ya mama anayemwita mtoto, na hapakuwa na mtoto anayeitika.

"Zima," nikasema.

"Ni kipande tu cha sauti, Mama. Wamekikata mahali."

"Ni mtu huyo. Zima."

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, nilikaa na Sabiha mezani.

"Kumbe wewe ni nyota, nami nakugombeza kwa kuacha ndoo njiani."

Hakucheka. Alifunika chakula chake. "Nyota ya usiku wa mvua, haionekani," akasema. "Nani kakwambia?"

Nikamwambia. Basi akanieleza, siku ile na siku zilizofuata, kipande kwa kipande, kila mara akiangalia mlango.

Alikwenda Bristol msichana, akimfuata Ameir, akapata kazi ya kupiga pasi mashuka ya hoteli. Alipanga chumba katika nyumba yenye ukungu ukutani, pamoja na vijana wapiga muziki. Mkubwa wao alikuwa Desmond, mtoto wa wazazi wa Jamaika, ambaye alikusanya santuri za zamani na alikuwa na mashine ya kunasa sauti. Wakamsikia Sabiha akiimba bafuni, wakamtia kwenye bendi.

Mama yake Unguja hakujua kuandika, kwa hiyo alikuwa anamtumia kaseti. Na alizungumza kwenye kaseti kama vile Sabiha yuko uani. Kwanza alimwita: Sabiha, Sabiha, njoo mwanangu. Kisha alinyamaza kidogo, amngoje aitike. Ndipo alipoanza habari za majirani.

"Nami nilikuwa naitika," Sabiha akasema. "Peke yangu, pasi mkononi. Nasema, Labeka, mama. Ukiitwa na mama yako husubiri akuite mara ya pili. Ndivyo tulivyolelewa."

Kwetu bara tunasema abee, lakini ni heshima ileile. Nilimwelewa.

Desmond alisikia kaseti moja, akapenda ule mwito. Akaunasa, akaupunguza mwendo, akautia kwenye wimbo. Pale pa kunyamaza, mahali pa kuitikia, alipakata, maana palimharibia ngoma. Sabiha hakuona ubaya wakati ule. Aliona fahari. Wimbo ulianzia kwenye vilabu vidogo vya chini ya ardhi, ukaingia redioni, halafu bendi ikaanza kuitwa London, Paris, na kwenye matamasha ya mashambani ambako watu walisimama kwenye tope mpaka magotini kuwasikiliza. Walipewa tuzo. Sabiha akavaa makoti ambayo watu wengine walimnunulia.

Mama yake alifariki yeye akiwa jukwaani Ujerumani. Ameir alimpigia simu asubuhi yake, na saa aliyotaja ilikuwa saa ya wimbo ule.

"Onyesho lililofuata nilisimama chini ya zile spika," Sabiha akasema. "Mama ananiita kama alivyoniita siku zote. Mdomo ukanifunguka wenyewe, nikauziba kwa mkono. Kwetu maiti akikuita huitiki, Mama Edna. Ukiitika umekubali kumfuata. Lakini kwetu hukohuko, mama akikuita ukanyamaza, umemdharau. Sasa niambie wewe. Mie nishike lipi?"

Nilimsogezea chai.

Alimwomba Desmond autoe mwito kwenye wimbo. Desmond akakataa, ndio wimbo uliokuwa unawalisha. Toka hapo bendi ikaanza kushuka. Albamu ya pili ilitoka, watu wakasema mwimbaji anaimba kama amebanwa koo. Kumbi zikawa nusu, kisha robo. Kampuni ikawaacha. Desmond akaingia kwenye pombe, mwingine akaenda kuuza vigae. Sabiha akaolewa na Mzanzibari aliyekuwa anaishi Virginia, akaja huku, na mumewe alipofariki akahamia Maryland na kuanza kazi ya wazee. Alidhani yamekwisha.

Kisha kampuni moja ya magari ikautia wimbo ule kwenye tangazo. Bendi iliyokufa ikafufuka. Watoto kama Edna, ambao hawakuwa wamezaliwa, wakaanza kuutafuta. Sabiha akasikia anaitwa na mama yake akichagua vitunguu dukani, akisubiri basi, akiwa ndani ya lifti na watu wasiomjua, nao wakitikisa vichwa kwa kuupenda.

Jambo lililonitisha mimi binafsi lilitokea mchana, jua linawaka. Nilikuwa namlisha uji bibi mmoja wa Kimarekani, mwalimu mstaafu, ambaye alikuwa ameacha kusema tangu masika. Sabiha alikuwa dirishani anakunja mashuka. Yule bibi akasukuma kijiko, akatazama mahali pasipo na mtu, akasema kwa sauti safi, "Sabihaa. Njoo mwanangu."

Mashuka yalianguka. Nilipogeuka, Sabiha alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yanapita kati ya vidole.

"Ni tangazo, dada," nikamwambia. "Televisheni ya sebuleni inalirusha kila siku. Kalishika hapo."

Akatikisa kichwa. Nami nilijua anachokataa. Yule bibi alikuwa kiziwi.

Haikupita muda Desmond akampigia simu. Bendi inazunguka Amerika, itapiga Silver Spring, na mashabiki wanamuulizia yeye. Je, atakubali kuimba jioni moja tu? Nilidhani angekata simu. Badala yake alimwambia, "Nitakuja mchana, wakati wa mazoezi. Ila irudishe ile nafasi uliyoikata."

Niligombana naye ndani ya gari.

"Unataka kuitika," nikasema.

"Nataka."

"Wewe mwenyewe umesema anayeitika anafuata."

"Nimesema."

"Basi unajiua, dada, halafu unataka mimi nikupeleke kwa gari langu."

"Nitapanda basi basi."

"Usinitanie. Sipendi."

Alinishika mkono uliokuwa kwenye usukani. "Mtu mzima yule, Mama Edna. Anasimama mlangoni anaita, anaita, na sauti haimwishi kwa sababu wamemfunga kwenye mashine. Angekuwa mama yako ungemwacha?"

Nikafikiri siku nitakayokufa mimi, na Edna ana sauti yangu kwenye simu yake, ninamwita aje kuosha vyombo. Nikampeleka.

Ukumbi ulikuwa mtupu, taa zote zimewashwa. Desmond alikuwa mzee mwembamba mwenye ndevu nyeupe, anatembea kama mtu aliyewahi kuanguka sana. Alimkumbatia Sabiha kwa muda mrefu. Alimwambia ameirudisha nafasi, tena ameipanua. Sabiha hakupanda jukwaani. Alisimama chini, mbele ya spika, mkoba wake begani, kama mtu aliyeitwa sebuleni. Mimi nilikaa mstari wa nyuma karibu na mlango, rozari mkononi.

Ngoma ikaanza. Ule mkwaruzo ukaja. Kisha: "Sabihaa. Sabihaa, njoo mwanangu."

Ikanyamaza.

"Labeka, mama," Sabiha akasema. Hakuiimba. Aliisema kwa sauti ya mtoto, nyembamba, ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Spika zote zikatoa pumzi, ndefu, kama ya mtu aliyesimama siku nyingi akapewa kiti. Basi. Ngoma ikaendelea kupanda ngazi zake, lakini mwito haukurudi. Desmond alibonyeza. Taa ndogo za mashine zilipanda na kushuka kama kawaida, zikionyesha kwamba sauti inatoka, na hapakuwa na sauti. Akabadilisha waya. Akaleta mashine nyingine yenye wimbo uleule. Taa zikacheza, kimya. Mpiga gitaa akacheka kidogo, kisha akaacha. Niliona Desmond akiweka sikio lake kwenye spika, akalitoa haraka, akabaki akilisugua.

"Sabiha," akasema kwa Kiingereza, "umefanya nini?"

"Niliitwa," akasema, na akatoka nje.

Hakuimba jioni ile. Niliambiwa bendi ilipiga wimbo ukiwa na tundu katikati, na watu wakapiga makofi, wakidhani ni mtindo mpya. Ziara ilivunjwa kabla ya kumalizika. Nyumbani nilimwambia Edna auweke ule wimbo kwenye simu yake. Akanitazama, maana ni mimi niliyeukataza. Tuliusikiliza tumesimama jikoni. Ngoma ilikuwepo, na mkwaruzo. Edna akasema hajui waliubadilisha lini, labda ni toleo jingine. Na siku ile alijibu kwa Kiswahili.

Sabiha aliacha kazi wiki ileile. Nilimkuta kwake anafunga sanduku, nyumba imeshafagiwa.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Kwa muda gani?"

"Mama Edna, aliniambia njoo. Nimeitika. Mtu akishaitika hakai kitini."

Nililia, nikamwambia maneno mengi, mengine mabaya. Nilimwambia atakufa huko. Alisema anaweza kufa, na anaweza asife, ila hawezi kumwambia mama yake labeka halafu akaendelea kukunja mashuka ya watu. Alikuwa ametulia. Katika miaka yote ile sikuwahi kuiona mikono yake ikiwa mbali na mdomo wake kwa muda mrefu hivyo.

Nilimpeleka uwanja wa ndege wa Dulles adhuhuri. Tulikumbatiana pale mwisho wa kusindikizana, akaingia kwenye foleni ya ukaguzi. Ndipo nilipoona mtandio wake umebaki mkononi mwangu.

"Sabiha!" nikaita.

Watu walinigeukia. Yeye hakushtuka. Nikaita tena kwa nguvu zaidi, mpaka mlinzi akaniinulia mkono ninyamaze. Hakugeuka. Alikuwa anasogea mbele na wenzake, kichwa wazi, amekiinamisha kidogo upande mmoja, kama mtu anayemsikiliza aliyemtangulia. Foleni ilipopinda, nikaona midomo yake ikicheza. Aliyekuwa mbele yake kwenye foleni ni mwanamume aliyevaa viziba masikio, na hakuwa anazungumza naye.