Mchuma miraa wa Muthara anayeifundisha gemu kupanda na kuanguka

Hakuna mwandishi wa gazeti hili anayeujua mti wa miraa kumshinda anayeandika makala haya. Alizaliwa chini yake, akalelewa chini yake, na hata mahari yake ilitoka humo humo. Chini yake, lakini. Juu yake hajafika hata siku moja, kwa hivyo yote yanayofuata ameyaona akiwa amekunja shingo.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nje kidogo ya soko la Muthara, Mithika Mwongera yuko juu ya mti unaozidi paa la nyumba yake mara mbili. Ana umri wa miaka 54 na hana viatu. Mkono wa kulia unavunja vijiti laini kimoja kimoja. Wa kushoto unavipokea mpaka ngumi ijae, kisha vinaingia kifuani, ndani ya shati. Tawi analosimamia si nene kuliko kifundo cha mguu wake.

Siku hizi kuna jambo geni. Kiunoni, magotini, viwikoni na hata kwenye vifundo hivyo amefungwa vidude vyeusi vyenye ukubwa wa kiberiti, kumi na saba kwa jumla. Kila anaponyanyua mguu, kijitu cha kijivu kisicho na uso kinanyanyua mguu uo huo kwenye kompyuta iliyo chini ya mti, juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mwambie huyo aache kuniiga," Mithika anasema kutoka juu. "Kama anataka kuchuma, atafute mti wake."

Mwenye kompyuta ni Nkirote Muthomi, 27, mzaliwa wa Ruiri. Kazi yake ni kutengeneza mwendo wa watu katika michezo ya video. Gemu anayoishughulikia sasa ni ya msichana anayekimbizwa katika mji wa milimani. Anaruka kuta, anakimbia juu ya mabati, na mapaa yakimwishia anaingia mitini. Mchezaji akibonyeza kitufe, msichana anaruka. Akikishikilia, anadaka tawi.

Mwanzoni Nkirote alijifunzia kwenye video za vijana wa miji ya ng'ambo wanaocheza parkour, ule mchezo wa kukimbia na kuruka juu ya kuta na mapaa bila ngazi wala kamba. Kwenye kuta mambo yalikubali. Kwenye mti, msichana wake alipanda kama fundi anayelipwa kwa siku.

"Ukuta haupindi," Nkirote anaeleza. "Wale wanaruka kitu kilichosimama. Mti unakuja na kwenda."

Alitaka kupanda mwenyewe apime. Wenye miraa wakamkatalia, maana mila hairuhusu mwanamke kuupanda mti huo. Hakubishana. Aligundua kwamba mila haikusema lolote kuhusu mwanamke kumpandisha mwanamume mtini na kumwingiza kwenye kompyuta.

Akauliza sokoni ni mchumaji gani ambaye hajawahi kuanguka. Wote wakamtaja mtu mmoja.

Siku ya kwanza tu, Mithika alimwambia jambo lililomfanya afute kazi ya miezi minne. "Ukikanyaga tawi linashuka. Ukiruka likishuka, unaenda nalo. Ngoja lirudi. Likirudi halikubebi, linakutupa."

Sasa ndivyo gemu ilivyo. Nkirote alipoipeleka mjini Maua, kwa vijana wa duka moja la kuchezea, walibonyeza na kubonyeza, msichana akaanguka na kuanguka, wakamrudishia wakisema kitufe ni kibovu. Aliwaambia wangoje tawi lirudi. Ilichukua karibu nusu saa kabla wa kwanza wao kuvuka mti mmoja.

"Hao wangekuwa wachumaji, tungekuwa tumeshawazika wote," Mithika anasema, bila huzuni nyingi.

Amechuma miraa kwa miaka 34. Siku nzuri humpa shilingi mia tisa. Siku ya mvua humpa mia tatu na kikohozi. Nkirote humlipa shilingi elfu mbili na mia tano kwa kila siku ya kunasa mwendo, na wameandikiana siku arobaini. Kwa mtu ambaye magoti yake yameanza kulia kama mlango wa choo, hiyo ni njia ya kushuka mtini kwa heshima, kabla mti haujamshusha wenyewe.

Ila mkataba una kifungu kimoja. Anayepanda ndiye atakayeanguka. Msichana wa gemu huanguka kila dakika, na lazima atue, abingirike, ainuke na kuendelea kukimbia. Mwili wa mtu mmoja ukipanda na wa mwingine ukianguka, anasema Nkirote, mchezaji huona watu wawili. Kwa wiki tatu Mithika alipanda, akaruka, akaning'inia kwa mkono mmoja kama nguo kwenye kamba. Akiambiwa aanguke, anakataa.

"Sijui kuanguka," alikuwa akisema. "Nitakufundisha vipi kitu nisichokijua?"

Sababu ya ukaidi huo iko nyumbani, na jina lake ni Karambu, mama wa Kendi, aliyeolewa naye miaka 30 iliyopita. Mwaka 2009, mdogo wake Mithika aitwaye Mutugi alianguka kutoka kwa mti wa jirani, na mguu wake wa kulia haukupata nguvu tena. Leo anashona nguo sokoni kwa cherehani ya mkono. Siku ile, mbele ya kitanda cha Mutugi hospitalini, Karambu alimwapisha mumewe. Siku atakayoanguka, hata akiangukia nyasi, hapandi tena.

Mithika aliapa. Tangu hapo, kila akirudi nyumbani huulizwa kama ameanguka, na kila siku jibu ni hapana.

"Kuna siku alirudi akichechemea," Karambu anakumbuka. "Akasema amepigwa teke na ng'ombe." Anafikiri kidogo. "Mwaka huo hatukuwa na ng'ombe. Lakini majirani walikuwa nao."

Jumatatu iliyopita Nkirote alitoa neno la mwisho, kwa upole. Ikifika Ijumaa mzee hajaanguka, atamleta kijana mmoja kutoka Nairobi aliyefunzwa parkour, naye ataanza yote upya, kupanda na kuanguka. Kila tawi ambalo Mithika amelikanyaga ndani ya kompyuta litafutwa.

Mithika alienda moja kwa moja kwa mkewe kumwuliza kama kuanguka juu ya godoro kunahesabiwa kuwa ni kuanguka.

Karambu alilitafakari jambo hilo siku mbili, kama hakimu. Uamuzi wake ulikuwa kwamba mtu aliyejirusha mwenyewe hajaanguka, amelala vibaya tu. Ila alitaka kuwepo na kushuhudia.

Ndiyo maana Ijumaa hii, saa tisa alasiri, kuna magodoro matatu katika ua wa nyumba yao, na ubao uliolazwa juu ya mapipa mawili makubwa. Karambu ameketi kwenye kigoda na kikombe chake cha chai. Nkirote anakaza vile vidude kumi na saba. Mithika anayapimapima magodoro kwa mguu.

Akiulizwa kwa nini hakuacha tu, maana mti wa kuchuma hatakosa, anajibu taratibu.

"Nataka nimalize hizi siku arobaini. Magoti yakikataa kunibeba, nitayabeba mimi." Anaelekeza kidevu kwenye kompyuta. "Nkirote amesema ataniachia picha zote za huyu mtu wa kijivu. Nitaweka kibanda pale sokoni, karibu na Mutugi. Anayetaka kuanza kuchuma atakuja kwanza aone mguu unawekwa wapi na tawi linangojwa vipi. Akianguka humo ndani, anabonyeza kitufe anainuka. Mutugi hakuwa na kitufe."



Kisha Mithika anapanda juu ya ubao. Nkirote anamwambia asiwe na wasiwasi, aanguke vyovyote atakavyoanguka, mara ya kwanza haiwezi kuwa nzuri.

Mzee anafumba macho na kujiachilia.

Akiwa hewani anajigeuza upande. Vidole vya miguu vinagusa kwanza, magoti yanakunjika, bega la kulia linapokea uzito, mgongo unabingirika mshazari, na kabla vumbi la godoro halijatua amesimama wima akitazama alikotoka. Toka mwanzo mpaka mwisho, mkono wake wa kushoto umenyooka juu ya kichwa, ngumi imefungwa.

Nkirote anairudia kwenye kompyuta mara tatu. Kijitu cha kijivu kinaanguka na kuinuka, kinaanguka na kuinuka. Anasema kwa sauti ya chini kwamba vijana wa parkour hutokwa jasho miaka miwili kulipata bega la namna hiyo.

"Ni Mungu tu," Mithika anasema akijipangusa. "Na ndiyo mara yangu ya kwanza."

Karambu anapiga funda moja la chai.

Nkirote amefurahi kiasi cha kusahau kuzima mashine. Kazi imepatikana, anasema, hakuna wa kuletwa kutoka Nairobi. Kumebaki kitu kimoja kidogo. Msichana wa gemu hana sababu ya kuinua mkono vile anapoanguka. Anamwomba mzee arudie mara moja tu, mkono wa kushoto ukiwa chini.

Mithika anatikisa kichwa, kama fundi aliyeombwa ajenge nyumba bila msingi.

"Hiyo haiwezekani," anasema. "Mkono ukishuka, miraa yote inapondeka."

Karambu anaweka kikombe chini, polepole.

"Miraa gani, Baba Kendi?"