Pembe za Ng'ombe wa Limi

Usiku ule sikulala. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango, taa ya kandili miguuni, nikisikiliza barabara. Mkoba wa mwanangu Limi ulikuwa juu ya sanduku, umeshafungwa zipu. Asubuhi ikifika, tajiri wa mashine ya kukoboa mpunga angeutazama mchoro wake kwa mara ya tatu. Akiukataa, Limi angeuchukua mkoba ule na kupanda lori na rafiki yake Paskalia kwenda Bugarama, kuwapikia wachimbaji machimboni. Akiukubali, angebaki Kahama na kazi yake ya kompyuta.

Mimi nilikuwa nayaogopa machimbo. Nilishawaona wasichana wa mtaani kwetu wakienda na sufuria mpya na kurudi wamenyamaza. Lakini Limi alikuwa na miaka ishirini na mbili, na mtu wa umri huo humfungii mlango.

Ilikuwa mwaka 1998, baada ya zile mvua kubwa zilizobomoa nyumba na kujaza majaruba. Mpunga ulikuwa mwingi hata magunia yakaadimika. Kila mwenye mashine alitaka gunia lenye alama yake, na alama zilichapwa dukani kwa Nurjahan, karibu na stendi ya mabasi. Mume wa Nurjahan alipofariki, watu walidhani atafunga duka arudi kwa ndugu zake Tabora. Badala yake alileta kompyuta. Ilikuwa ya kwanza kuiona kwa macho yangu. Aliifunika kwa kitambaa nilichokidarizi mimi mwenyewe, cha maua ya zambarau, na ndivyo alivyomfahamu Limi, maana ua lile lilichorwa na Limi.

Huyu mtoto alianza kuchora kabla hajajua kusema vizuri. Alichora kwa mkono wa kushoto, vumbini, kwa kijiti, na kuku wakipita juu ya mchoro alilia kama amechapwa. Mimi niliishia darasa la nne, kalamu kwangu ilikuwa ya kuandika barua za salamu tu. Lakini kudarizi nilikujua, na nilimfundisha. Tulichora ua kwenye karatasi, tukatoboa matundu kwa sindano kufuata mstari, moja baada ya jingine, karibu karibu kama mchwa kwenye njia. Kisha tulilaza karatasi juu ya kitambaa na kusugua buluu ya kufulia iliyochanganywa na mafuta ya taa. Ukiinua karatasi, ua limehamia kitambaani kwa nukta ndogo ndogo. Nilimwambia kila siku, "Usiruke. Ukiruka tundu, mstari unapotea." Alikuwa haruki.

Nurjahan alipomwita aje kujifunza kompyuta, nilimsindikiza mpaka mlangoni na kukaa nje saa nzima nikijifanya nachagua daftari.

Yule tajiri aliitwa Mzee Ignas, Msumbwa wa Masumbwe, mwenye mashine moja na ng'ombe wengi. Alitaka kichwa cha ng'ombe dume kwenye gunia, na pembe ndefu zilizofunguka juu, kama za ng'ombe wake. Limi alichora wiki nzima. Mara ya kwanza Mzee Ignas alikunja uso tu akasema arudie. Mara ya pili mimi nilikuwepo, nimempelekea Limi michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga za chakula cha mchana. Mzee aliishika karatasi mbali na macho, akaileta karibu, akaipeleka mbali tena.

"Huyu ng'ombe anaumwa," alisema.

"Anaumwaje, Baba?" Limi aliuliza.

"Tazama pembe. Makovu matupu! Ng'ombe akishinda na njaa, pembe inaweka pete. Huyu wako ameshinda na njaa toka azaliwe. Mfugaji akiliona gunia hili atasema, Ignas anauza mchele wa kiangazi."

Nurjahan akacheka, kisha akaona mzee hacheki. Tajiri alipotoka, alimgeukia Limi. "Beti," alisema, hivyo ndivyo alivyomwita, kama binti yake, "mimi sina ubaya na wewe. Lakini Jumamosi anarudi na basi la asubuhi. Akikataa tena, kazi nampa fundi wa Mwanza, na kompyuta ataikalia huyo huyo."

Jioni ile Paskalia alikuja nyumbani amevaa viatu vipya. "Limi, achana na ng'ombe wa karatasi," alisema. "Huko Bugarama watu wanakula ng'ombe wa kweli." Wakacheka wote wawili. Baadaye nikasikia zipu ya mkoba.

Ijumaa nilikwenda dukani bila kuitwa. Umeme siku zile ulikuwa wa kuvizia, unakuja utakavyo, na saa nane mchana ule ulikuwepo. Nilimwamkia Nurjahan, nikamwomba nikae nyuma ya mwanangu, nikaahidi sitasema neno. Alinipa kiti.

Kwa mara ya kwanza niliutazama mkono wa Limi ukifanya kazi ile. Alishika kile kidude wanachokiita kipanya, akakibonyeza: nukta moja. Akasogea kidogo, akabonyeza: nukta ya pili. Akasogea kidogo, tena, tena. Kompyuta ilivuta mstari kutoka nukta hadi nukta. Alikuwa anaizunguka pembe kama sisimizi. Nilihesabu mpaka arobaini nikaacha, na pembe bado haijafika kwenye ncha. Alipoona sehemu moja imevimba, aliishika nukta yake na kuisogeza, na hapo jirani zake wawili nao wakaharibika. Akawarekebisha hao, wakavimba wengine.

Ahadi yangu ikanishinda.

"Limi."

"Mayu, ulisema utanyamaza."

"Mbona unatoboa hivyo? Kwani hiyo karatasi itasuguliwa buluu?"

Mkono wake ulisimama. Alinigeukia taratibu, akanitazama, kisha akatazama kioo cha kompyuta. Mimi nikadhani nimemkera. Nilitaka kuomba radhi. Kumbe alikuwa anazitazama zile nukta, nami nikaziona naye: matundu yangu ya sindano, yamepangwa karibu karibu, hakuna lililorukwa.

"Ni wewe!" alisema. Akaanza kucheka mpaka Nurjahan akaja kuuliza kuna nini. "Mama Nurjahan, ni huyu! Miaka yote ananiambia usiruke, usiruke!"

Akazifuta zote. Nikaona wiki nzima imekwenda. Akaweka nukta moja kwenye shina la pembe, moja pale pembe inapotuna kwa nje, moja kwenye ncha, moja kwa ndani, na ya mwisho shinani tena. Tano tu. Kila nukta ilikuwa na vijiti viwili kama mikono iliyonyooshwa. Alivuta kijiti kimoja, na mstari wote ukainama wenyewe, polepole, kama ufito mbichi ukiushika huku na huku. Pale inapotuna aliacha mikono miwili inyooke sawa, ili mstari upite bila kukunjika. Kwenye ncha tu ndipo alipoivunja, kila mkono ukaenda njia yake, pembe ikachongoka. Nilitaka kuigusa.

"Sasa amekula," nilisema.

Kabla hajaanza pembe ya pili, umeme ukakatika.

Tulisubiri mpaka jua likazama. Nyumbani niliwaacha wadogo zake wawili na mlango bila kitasa. Nurjahan alisema, "Nenda, Mama Limi. Umeme ukirudi tutamaliza na kuchapa gunia moja la kuonyesha. Atalala kwangu, juu hapo. Wewe unadhani nitamla?"

Basi ndivyo nilivyokuwa kwenye kigoda usiku kucha. Taa za mtaa wa stendi ziliwaka saa ngapi sijui. Mara niliona mwanga angani nikashukuru, mara nikaona giza nikahisi ni mimi niliyeharibu, tangu siku ya kwanza ya sindano. Mtoto anafuata unachomwambia miaka kumi na mitano, halafu unakuta ndicho kinachomkwamisha.

Alfajiri nilijifunga kanga, nikamwachia mkubwa uji. Mkoba nilikwenda nao. Nilijiambia kwamba akikataliwa, heri nimkabidhi mwenyewe kuliko aje kuuchukua nikiwa kisimani.

Mlango wa duka ulikuwa umefungwa. Nilisikia sauti ndani, basi la Masumbwe lilikuwa limeshafika. Paskalia alikuwa ng'ambo ya barabara kwenye lori, ananipungia mkono. Ndani Nurjahan alisema kitu, kisha kimya. Kimya kile nakikumbuka mpaka leo, na Limi ana watoto sasa, na magunia yenyewe siku hizi yanakuja yamechapwa kutoka mbali. Moja ninalo, naanikia michembe.

Komeo likalia, mlango ukafunguka. Alitoka Mzee Ignas, gunia kwapani, pembe moja inachungulia nje, nyororo, haina kovu. Nyuma yake Limi, macho mekundu kwa usingizi, mikono imejaa wino.

"Mwangaluka, mama," mzee alinisalimu. Akautazama mkoba mkononi mwangu, akanitazama usoni. "Ni wewe mama yake? Hebu niambie, huyu ng'ombe mmemchungia wapi?"